Lugha Iliyoambiwa Si Lugha: Hotuba kuhusu Kiodia

Mheshimiwa mwenyekiti, wazee wetu, walimu wenzangu, na nyinyi vijana mliojazana kule nyuma mkidhani sitawaona: wanaostahili shikamoo nawaamkia, na wengine hamjambo.

Leo ni tarehe 21 Februari. Kila mwaka tukikutana siku hii tunakumbushwa Dhaka ya mwaka 1952, polisi walipowafyatulia risasi wanafunzi waliokuwa wakidai Kibengali kitambuliwe katika Pakistani ya wakati ule. Damu ile ndiyo iliyoleta Siku ya Kimataifa ya Lugha ya Mama, ambayo UNESCO iliitangaza mwaka 1999. Kisa hicho mnakijua, na sina la kukiongezea. Mimi nimeomba nafasi nimzungumzie jirani. Toka Dhaka, shuka kusini-magharibi, ipite Kolkata, kisha ufuate pwani ya Ghuba ya Bengal. Utaingia jimbo la Odisha, mashariki mwa India. Huko kinasemwa Kiodia, na sensa ya mwaka 2011 ilihesabu watu zaidi ya milioni 37 waliokitaja kuwa lugha yao ya mama. Miaka themanini hivi kabla ya risasi za Dhaka, watu hao waliambiwa kwamba lugha yao si lugha. Waliowaambia hivyo walikuwa wasemaji wa Kibengali.

Nawaona mnatazamana. Ndiyo maana nimeichagua habari hii kwa siku ya leo.

Mwaka 1870 mwalimu mmoja wa mjini Balasore, Kantichandra Bhattacharya, alichapisha kijitabu ambacho jina lake peke yake lilikuwa hukumu: Kiodia si lugha ya kujitegemea. Kwa maoni yake, hicho ni Kibengali kilichopindwa na ndimi za watu wa shamba. Na kabla ya hapo msomi mkubwa wa Kolkata, Rajendralal Mitra, alikuwa amesema hadharani mjini Cuttack kwamba ingekuwa heri Waodia wenyewe waiache lugha yao, kwa kuwa ni wachache, na watu wachache hawawezi kubeba soko la vitabu vya shule. Iangalieni hoja hiyo ilivyovaa kanzu ya huruma.

Tusiwe watoto wadogo. Ugomvi ule haukuanzia kwenye sarufi. Waingereza waliitwaa pwani ya Odisha mwaka 1803, na kwa kuwa makao yao yalikuwa Kolkata, walikuja na makarani wa kutoka huko. Wamiliki wa ardhi wa Kiodia walioshindwa kulipa kodi kabla jua la siku ya mwisho halijazama walinadiwa mashamba yao, na mnada ulifanyika Kolkata, maili mamia kadhaa kutoka kwenye shamba lenyewe. Mnunuzi akawa mtu wa huko huko. Ukienda mahakamani unamkuta karani Mbengali, ukimpeleka mtoto shule unamkuta mwalimu Mbengali ameshika kitabu cha Kibengali. Sasa shule zikigeukia Kiodia, watahitajika walimu wa Kiodia na waandishi wa Kiodia, na mshahara utahamia mfuko mwingine. Ukisikia watu wanabishana kama jambo fulani ni lugha au lahaja, chungulia kwanza nani analipwa.

Kiodia kilishinda ubishi ule. Na hoja yangu jioni hii ni kwamba hakikushinda kwa sababu ya afisa wala mtaalamu, ijapokuwa walikuwepo waliosaidia na nitawataja. Kilishinda kwa kuwa kwa karne nne kilikuwa na wasikilizaji: wanavijiji waliokaa chini jioni, taa imewashwa, wakasomewa. Hao ndio ninaotaka muwaone.

Kwanza tuutazame uso wa lugha yenyewe. Mwandiko wa Kiodia umejaa duara; kila herufi kama imevaa kofia. Ukiuweka kando ya mwandiko wa Kihindi, ambao herufi zake zinaning'inia kwenye mstari mnyoofu kama nguo kwenye kamba, utadhani hazina undugu, kumbe babu yao ni mmoja. Kilichozitenganisha ni jani. Odisha iliandika juu ya majani ya mti wa jamii moja na mvumo wetu. Jani lilikaushwa na kukatwa vipande virefu vyembamba. Mwandishi hakushika wino. Alishika kalamu ya chuma yenye ncha kali, akachora maneno kwenye ngozi ya jani. Akimaliza anapaka masizi, anafuta, weusi unabaki ndani ya michoro. Sasa, nyuzi za jani zinakwenda kwa urefu. Piga mstari mnyoofu kuzifuata, jani linapasuka, na kazi ya siku nzima imekwenda na maji. Mkono ukajifunza kuzunguka. Ule mstari wa juu ukapinda, ukawa kofia.

Jani halina maisha marefu. Unyevu na wadudu hulila, kwa hiyo kitabu ambacho hakuna anayekinakili upya kinakufa. Jumba la makumbusho la jimbo, mjini Bhubaneswar, limehifadhi maelfu kwa maelfu ya miswada ya majani, na sehemu kubwa imetoka vijijini. Kila mmoja wa hiyo ulipona kwa sababu kuna mtu aliketi akaunakili, na kabla yake mwingine, na kabla yake mwingine.

Na sauti yake? Kihindi, na mara nyingi Kibengali, humeza irabu ya mwisho wa neno. Kiodia huitamka. Mungu mkuu wa mji wa Puri, ambaye mtu wa kaskazini atamwita Jagannath, Modia humwita Jagannatha, na ile irabu ya mwisho huitoa kwa mdomo wa mviringo, inakaribia o. Sisi ambao tulipoletewa benki na skuli hatukukubali neno lining'inie kwenye konsonanti, tungejifunza lafudhi hiyo bila shida. Tena kitenzi cha Kiodia hakiulizi kama mtendaji ni mume au mke. Anakuja ni anakuja.

Maandishi ya kale kabisa yanayohesabiwa kuwa ya Kiodia ni ya jiwe la Urajam, ya mwaka 1051. Kuna pia nyimbo za Charyapada, tungo za mafumbo za watawa wa Kibuddha, ambazo Haraprasad Shastri alizikuta katika maktaba ya kifalme ya Nepal mwaka 1907. Wabengali wanasema ni zao. Waasamu wanasema ni zao. Waodia nao wanazidai. Mimi nadhani zilitungwa siku ambazo majirani hao walikuwa hawajajua kwamba watakuja kugombana, lakini nikisema hivyo huko naweza kunyimwa chai na pande zote tatu.

Sasa twende kwa mkulima.

Karne ya 15, enzi za mfalme Kapilendra Deva, mtu mmoja wa tabaka la chini la Shudra, kwa jina Siddheswara Parida, aliitunga Mahabharata kwa Kiodia. Kwa asiyeijua, Mahabharata ni utenzi mkuu wa Wahindu juu ya vita vya binamu, Wapandava na Wakaurava, na ni kati ya tungo ndefu kuliko zote duniani. Ilikuwa kwa Kisanskriti, na Kisanskriti kilikuwa kufuli ambalo ufunguo wake walikuwa nao Mabrahmin, watu wa tabaka la makuhani. Mkulima angeupata wapi? Yeye alisema hakusoma. Alisema yeye ni mtu wa jembe tu, na maneno yote amepewa na mungu wa kike Sarala wa Jhankada. Akajiita Sarala Das, mtumishi wa Sarala. Huo ulikuwa ujanja, au ilikuwa imani ya kweli, au vyote pamoja. Lakini ni Brahmin gani angesimama kumbishia mungu wa kike?

Wala hakufanya tafsiri. Alikichukua kisa akakipandikiza kwao. Mashujaa wake wanatembea kwenye mito na milima ya Odisha. Yudhishthira, mfalme mwadilifu, anaozwa binti wa mfanyabiashara wa Kiodia, ndoa ambayo Kisanskriti hakina habari nayo. Na bahari yake ya ushairi, iitwayo dandi, ina vina lakini urefu wa mistari haulingani: huu mfupi, unaofuata mrefu, kadiri pumzi ya msimulizi inavyotaka. Wale wa vina na mizani hapa ukumbini najua mnakunja uso. Mvumilieni. Alikuwa anawaandikia watu waliotoka shambani, na mtu aliyetoka shambani anataka kisa kiende.

Kuna kiumbe mmoja alimbuni yeye, sitaki mwondoke bila kumjua. Anaitwa Nabagunjara. Arjuna, mpiga mishale hodari kuliko wote, yuko peke yake mlimani. Mbele yake anatokea mnyama ambaye hajawahi kumwona: kichwa cha jogoo, shingo ya tausi, nundu ya fahali, kiuno cha simba, mkia ni nyoka. Amesimama kwa miguu mitatu, mmoja wa tembo, mmoja wa chui milia, mmoja wa farasi au paa, maana wachoraji hawakubaliani. Arjuna anainua upinde. Anavuta. Hapo ndipo anapouona mguu wa nne: ni mkono wa mtu, umeshika ua la yungiyungi. Mkono wa mtu utafanya nini kwenye mwili wa mnyama? Anang'amua kwamba huyu ni mungu Vishnu mwenyewe, anaushusha upinde na kusujudu. Katika Mahabharata ya Kisanskriti mnyama huyo hayumo. Lakini nenda Puri utazame gurudumu la madini lililo juu ya kilele cha hekalu: Nabagunjara wamechongwa kuzunguka ukingo wake. Wamo hata kwenye karata za duara zinazochorwa kwa mkono kule. Mkulima alibuni mnyama, hekalu likampandisha juu ya kilele chake.

Mwanzoni mwa karne ya 16 wakaja watu watano wanaoitwa Panchasakha, marafiki watano. Nitawataja wawili.

Jagannatha Das alikuwa Brahmin. Inasimuliwa kwamba mama yake alitaka kuisikia Bhagavata Purana, habari za Krishna, na Kisanskriti hakukielewa. Mwana akaketi akamwandikia kwa lugha ya nyumbani, kwa mistari ya mizani 9, myepesi kuukariri. Sisi wa utenzi na mizani yetu 8 tunajua faida ya mstari mfupi: hata asiyesoma anaubeba. Mabrahmin wenzake walicheka. Wakaiita Bhagabata ya wakamua mafuta, kitabu cha akina yahe. Basi na hao akina yahe wakaichukua. Kila kijiji kikawa na kibanda, Bhagabata tungi, ambamo kitabu cha majani kiliwekwa mahali pa heshima, na jioni mmoja anasoma, wengine wanasikiliza. Mtoto alijifunzia herufi hapo, kwa sababu kulikuwa na kitu cha kusoma. Wazee walisuluhishia kesi hapo hapo. Yule bwana wa Kolkata aliposema kwamba soko la vitabu vya Kiodia ni dogo, alihesabu maduka ya mjini. Vibanda hakuvihesabu.

Wa pili ni Balarama Das. Yeye aliandika Ramayana, kisa cha Rama, lakini kazi yake iliyoshika nyumba za watu ni fupi, Lakshmi Purana, ambayo wanawake wa Odisha huisoma kwa sauti kila Alhamisi ya mwezi wa Margasira, kati ya Novemba na Desemba. Niruhusuni nisimulie, maana ni karne ya 16, na bado inauma.

Lakshmi ni mungu wa neema na riziki, mke wa Jagannatha. Alfajiri anatoka hekaluni kutembelea mji aone ni nyumba gani imefagiliwa, aiingie. Matajiri wamelala. Pembezoni mwa mji anamkuta Shriya, mwanamke wa Kichandala, wale wasioguswa, amekandika sakafu, amechora maua kwa unga wa mchele, ameketi anaomba. Lakshmi anaingia. Balabhadra, kaka mkubwa wa Jagannatha, anamwona akitoka mle. Anamwambia mdogo wake: mkeo amenajisika, mfukuze. Jagannatha, bwana wa ulimwengu, anamtii kaka yake. Lakshmi anavua mapambo yake yote na kuondoka, ila anaacha neno: hamtapata chakula wala maji miaka 12, mpaka siku mtakayokula kutoka mkono wa Mchandala. Na inakuwa. Jikoni vyungu vitupu. Ndugu wawili wanazunguka na bakuli, watu wanawaona wezi, kila wanachokigusa kinakauka. Mwisho wanafika kwenye jumba kando ya bahari na kuambiwa: mwenye nyumba ni Mchandala, mtakula? Balabhadra, yule yule, anasema tutakula. Wanaonja, wanakijua chakula. Lakshmi hakubali kurudi hivi hivi. Anaweka sharti, kwamba kwenye chakula cha hekalu la Puri, Brahmin na Mchandala wale pamoja pasiwe na wa kuulizana tabaka. Anakubaliwa.

Sisemi kwamba ubaguzi ulikwisha, haukwisha. Nasema mwanamke wa kijijini asiyeruhusiwa kugusa maandiko ya Kisanskriti alikuwa na kitabu cha Kiodia kinachomtia adabu mungu mwenyewe, na alikisoma kwa sauti, mumewe akisikia.

Hekalu hilo la Puri haliingii asiye Mhindu. Karne ya 17 alikuwepo mshairi Mwislamu, Salabega, mwana wa afisa wa jeshi la Mughal na mama wa Kihindu. Alimpenda Jagannatha na kumtungia nyimbo kwa Kiodia, akiwa nje ya ukuta. Nyimbo zake bado zinaimbwa, na kila mwaka gari kubwa la mungu huyo linapokokotwa barabarani, husimama mbele ya kaburi la Salabega kabla ya kuendelea.

Baada ya hapo fasihi ikahamia ikulu, na mimi nitapita haraka. Upendra Bhanja, mwana wa ukoo wa kifalme wa Ghumusar, anaitwa mfalme wa washairi, na ufundi wake unatisha: ana utenzi mzima wa kisa cha Rama, Baidehisha Bilasa, ambao kila mstari unaanza na herufi ba. Mwenzake Dinakrushna Das akatunga wake unaoanza na ka mwanzo hadi mwisho. Nawavulia kofia. Lakini napendelea jogoo wa Sarala Das.

Turudi kwenye karne ya 19, na tuanze na njaa. Mwaka 1866 mvua zilikuwa zimekosekana, na Kamishna T. E. Ravenshaw aliiarifu serikali yake kwamba chakula kipo. Hakikuwepo. Ilipotambulika, masika yalikuwa yamefunga bandari, na mchele haukuweza kuingia. Watu wapatao milioni moja walikufa, karibu theluthi ya wakazi. Mwaka huo huo, tarehe 4 Agosti, mjini Cuttack, Gaurishankar Ray alitoa toleo la kwanza la gazeti la Utkala Dipika. Mnaona ni wakati gani lugha hii ilipata gazeti: nchi inazika. Ravenshaw, niseme na hili, baadaye alisimama upande wa Kiodia mashuleni, na chuo kikubwa cha Cuttack kina jina lake. Binadamu ni mzigo mgumu kuufunga kamba moja.

Balasore, mji wa yule mwalimu wa kijitabu, ulikuwa na mtu wake. Fakir Mohan Senapati alizaliwa mwaka 1843, akafiwa na baba na mama akiwa mchanga, akalelewa na bibi yake. Alikuwa mgonjwa mgonjwa. Bibi akaweka nadhiri kwa mawalii wa Kiislamu kwamba mtoto akipona atamfanya fakiri wao. Akapona, na jina lake la Braja Mohan likawa Fakir Mohan. Mtoto wa Kihindu, jina la nadhiri ya Kiislamu. Shule alisoma kidogo. Mwaka 1868 yeye na wenzake wakaleta mtambo wa kupiga chapa Balasore, watu wakamiminika kuushangaa. Wakachapa vitabu vya shule. Ukiambiwa vitabu hakuna, unachapa.

Alipata rafiki pia: John Beames, mtawala wa wilaya, ambaye katika sarufi yake linganishi ya lugha za kaskazini mwa India aliandika kwamba Kiodia kilikuwa lugha iliyotulia zamani, wakati Kibengali bado hakipo. Hapo nadhani mzee alizidisha chumvi. Hata hivyo Kiodia kilibaki shuleni. Na haki isemwe: kati ya walioijenga fasihi mpya ya Kiodia alikuwemo Radhanath Ray, mshairi wa ziwa Chilika, ambaye asili ya ukoo wake ni Bengal.

Vita haikwisha kwa mara moja, maana Waodia walikuwa wamegawanywa, hawa chini ya Kolkata, hawa Madras, hawa Mikoa ya Kati. Sambalpur, upande wa magharibi, mwaka 1895 iliamuliwa Kiodia kiondoke mahakamani na maofisini na Kihindi kiingie. Kilirudi mwaka 1903. Mwaka huo huo Madhusudan Das, wakili, aliitisha mkutano wa Utkal Sammilani kudai Waodia wawekwe pamoja, na tarehe 1 Aprili 1936 likazaliwa jimbo lao, jimbo la kwanza la India kuundwa kwa kigezo cha lugha. Wakati wanalidai jimbo, wakili mwingine wa Cuttack, Gopalchandra Praharaj, alikuwa anakusanya maneno. Kamusi yake ina juzuu 7, zilitoka kati ya 1931 na 1940, ina maneno wapata 185,000, na maana amezitoa kwa Kiodia, Kiingereza, Kihindi na, ndiyo, Kibengali.

Lakini Fakir Mohan sijamalizana naye. Alipostaafu utumishi katika vijimbo vya wafalme alianza kuandika hadithi, na kuanzia mwaka 1897 jarida la Utkala Sahitya lilitoa kwa sehemu riwaya yake Chha Mana Atha Guntha. Jina hilo ni kipimo cha shamba, mana sita na guntha nane, kama mtu aite riwaya Eka Mbili na Nusu. Shamba ni la mfumaji maskini na mkewe, Bhagia na Saria, na anayelitaka ni Ramachandra Mangaraj, mkopeshaji. Msimulizi anamsifu Mangaraj kwelikweli. Anasema ni mcha Mungu asiye na mfano, siku ya mfungo hagusi kitu ila maji na majani matakatifu. Kisha anaongeza, kama kwa bahati mbaya, kwamba kinyozi wa bwana aliropoka: usiku wa mfungo huwekwa chumbani chungu cha maziwa na ndizi, na asubuhi chungu kinatolewa kitupu. Msimulizi anatusihi tusimfikirie vibaya bwana. Riwaya nzima inakwenda kwa sauti hiyo, sauti ya mtu wa barazani anayemaliza mtu kwa kumsifu. Inasimuliwa kwamba jarida lilipofika kwenye kesi ya Mangaraj, wako waliofunga safari kwenda mahakama ya Cuttack wakamwone kizimbani.

Na mwaka 1898 akaandika Rebati, hadithi fupi. Msichana wa kijijini anataka kusoma. Baba anakubali, mwalimu kijana anamfundisha, bibi yake anapinga: tangu lini msichana akasoma? Kipindupindu kinaingia. Kinamchukua baba, kinamchukua mama, kinamchukua mwalimu. Kisha Rebati naye anakufa. Bibi, ambaye anaamini masomo ndiyo yaliyoleta msiba, anamwita mjukuu wake kwa matusi ya upendo ambayo kila Modia anayajua: we Rebati, we Rebi, we moto, we jiko! Mwandishi hakumfanya bibi kuwa mjinga wa kuchekwa. Kumbukeni nani alimlea.

Karne ya 20 nitaipitia kwa majina, mtanisamehe. Gopinath Mohanty, afisa wa serikali aliyeishi na watu wa milima ya Koraput, aliandika Paraja mwaka 1945, riwaya ya deni linavyoweza kumeza familia. Pratibha Ray alimpa Draupadi, mke wa Wapandava katika Mahabharata, nafasi ya kusimulia maisha yake mwenyewe katika Yajnaseni, na mwaka 2011 akapata Jnanpith, tuzo kubwa ya fasihi ya India. Mwaka huo huo bunge la India lilirekebisha jina rasmi, Orissa ikawa Odisha na Oriya ikawa Odia. Na tarehe 20 Februari 2014, mkesha wa siku kama ya leo, baraza la mawaziri la India likakubali kukipa Kiodia hadhi ya lugha ya kale yenye urithi mkuu, cha kwanza kati ya lugha hai za ukoo wa Kisanskriti. Kibengali kilipewa hadhi hiyo Oktoba 2024.

Mngependa niishie hapo, mpige makofi. Bado kidogo.

Odisha si ya Waodia peke yao. Milimani wako Wakondh, Wasaora, Wasantali na wengine wengi wenye lugha zao. Bhima Bhoi, mshairi wa karne ya 19 aliyeomba uhai wake uangukie jehanamu ilimradi dunia ipone, alikuwa Mkondh, na alitunga kwa Kiodia, si Kikui, lugha ya Wakondh. Wasantali waliamua vingine: Raghunath Murmu, mzaliwa wa Mayurbhanj, aliwabunia mwandiko wao mwaka 1925, na mwaka 2003 Kisantali kikaingia kwenye orodha ya lugha zinazotajwa na katiba ya India. Na kule magharibi, Sambalpur ile ile iliyopigania Kiodia kirudi mahakamani, wako wanaosema wanachokisema wao ni Kikosali, lugha kamili. Hao wanajibiwa nini? Kwamba ni lahaja. Kwamba ni Kiodia cha watu wa shamba.

Hapo ndipo alipozaliwa Haldhar Nag, mwaka 1950, kijiji cha Ghess, wilaya ya Bargarh. Baba yake alifariki yeye akiwa darasa la tatu, na shule ikaishia hapo. Aliosha vyombo kwenye duka la vitu vitamu, akawa mpishi wa shule kwa miaka 16, kisha akafungua kiduka cha madaftari na kalamu. Anatunga kwa Kikosali. Wako waliopata shahada ya udaktari kwa kuandika juu ya tungo zake. Mwaka 2016 Rais wa India alimvalisha nishani ya Padma Shri, naye alikwenda kuipokea miguu mitupu kama anavyotembea siku zote. Tungo zake zote ziko kichwani. Mtajie jina la shairi tu, ataanza mstari wa kwanza na hatasimama mpaka limekwisha.

Ahsanteni.